Kosa lililoupunguza ulimwengu kwa nusu

Wiki hii nimekesha siku mbili nikisaka hitilafu kwenye programu yangu. Kila mstari ulikuwa sawa, majibu ndiyo mabaya. Kumbe nilikuwa nimechanganya aina mbili za data nikidhani ni moja. Nikakumbuka kisa cha wanaastronomia, nikaona niwasimulie.

Henrietta Leavitt alikuwa kompyuta. Ndiyo, siku hizo kompyuta alikuwa mtu! Alilipwa senti 30 kwa saa na kituo cha nyota cha Harvard, Marekani, kukagua picha za vioo zilizopigwa Peru na kutafuta nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Mwaka 1912 yalitoka matokeo yake ya nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kumaliza mzunguko, ndivyo inavyong'aa zaidi. Na kwa kuwa zote ziko karibu umbali mmoja nasi, tofauti hiyo ni ya kweli.

Mnaona maana yake? Hesabu siku, ujue nguvu halisi ya taa. Kisha linganisha na mwanga unaotufikia: umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Ilibaki tu kupima chache zilizo karibu ili kupata kipimo, kazi aliyoianza Ejnar Hertzsprung mwaka 1913.

Oktoba 1923 Edwin Hubble akapata nyota ya namna hii, yaani Sefeidi, ndani ya Andromeda. Hesabu zake zikatoa karibu miaka ya nuru 900,000, nje kabisa ya galaksi yetu. Leavitt hakuyaona hayo. Saratani ilimuua Desemba 1921.

Lakini kwa kipimo hicho, ulimwengu ulionekana kuwa na miaka bilioni 2 hivi, mdogo kuliko mawe ya dunia! Mtoto amzidi mama umri? Walter Baade ndiye aliyegundua kwamba Sefeidi ni za aina mbili, na moja hung'aa zaidi hata siku zikilingana. Alipotangaza hayo Roma mwaka 1952, umbali wa Andromeda uliongezeka maradufu. Leo tunajua ni takriban miaka ya nuru milioni 2.5.

Data ya Leavitt haikuwa na kosa. Yangu pia. Nimeitenganisha katika majedwali mawili, na programu sasa inajibu vizuri. Haya, tukutane makala ijayo.