King Majuto: Maisha ya Mchekeshaji na Suala la Mikataba ya Wasanii

Amri Athumani, aliyefahamika zaidi kwa jina la usanii la King Majuto, alikuwa mwigizaji na mchekeshaji wa Tanzania. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kupanda jukwaani akiwa bado mtoto, na akaendelea kuigiza hadi maradhi yalipomzuia.

Kutoka jukwaani alihamia kwenye filamu za kanda na DVD, kisha televisheni na matangazo ya biashara. Mara nyingi aliigiza mzee mbishi, mwenye hila na tamaa ndogondogo, ambaye uso wake ulichekesha kabla hajatamka neno. Ucheshi wa namna hiyo hauhitaji mkalimani. Bukoba na Muleba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tanga na katika nchi yenye mabingwa wake wa kusimulia kwa nanga kwa lugha ya Kihaya, alitazamwa kama mzee wa nyumbani.

Mwaka 2018 aliugua na kupelekwa India kwa matibabu. Ugonjwa wake uliibua mjadala wa kitaifa: inakuwaje msanii anayejulikana kila kaya ahitaji kuchangiwa gharama za tiba? Mwaka huo aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. King Majuto alifariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Tanga.

Mjadala huo unawahusu moja kwa moja wachekeshaji wa Kagera, wengi wao wakirekodi kwa simu. Kichekesho kilichorekodiwa Kashai au Kamachumu ni kazi ya sanaa sawa na filamu ya Dar es Salaam. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, mtunzi hulindwa tangu kazi inapoundwa, na kwa kawaida haki zake za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Usajili COSOTA si sharti la ulinzi huo, ila husaidia sana panapotokea mgogoro wa umiliki. BASATA husajili wasanii, na Bodi ya Filamu husimamia filamu na michezo ya kuigiza.

Msanii asiyeweza kufika katika ofisi hizo anaweza kuanzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake, iwe Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba au Muleba. Mkataba wowote wa kuuza au kukodisha haki uwe wa maandishi, utaje malipo, muda na vyombo ambamo kazi itaonyeshwa, na nakala moja yenye saini ibaki kwa msanii mwenyewe.