Land Rover Iliyopinduka
Ni rahisi kudhani kwamba baadhi ya Waingereza walikata bodi za Land Rover zilizopinduka na kuendelea kuyatumia magari hayo kwa kubana matumizi tu. Naona sababu kubwa ni muundo. Gari hilo lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo likavikwa bodi ya alumini iliyofungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Likibiringika, paa hubonyea na fremu ya kioo cha mbele hupinda, lakini chesisi ikisalimika, fundi hufungua bolti, hukata palipoharibika, na gari hurudi porini likiwa jepesi zaidi. Anayesema bodi iliyokatwa haimlindi dereva ana hoja. Ila paa lile jembamba halikumlinda sana hata lilipokuwa zima. Kinga ya kweli ni fremu ya mabomba ya chuma iliyoshikizwa kwenye chesisi.