Nyuzi za gitaa na udi katika hewa ya Riyadh na Jeddah

Wapiga gitaa na udi kutoka Afrika Mashariki wanaoishi Saudi Arabia hugundua mapema kwamba nyuzi hazidumu kwa kipimo kimoja nchini humo. Seti ambayo ingekaa miezi kadhaa mjini Riyadh ikiwa na mlio safi huweza kufifia na kushika kutu mjini Jeddah katika muda wa wiki chache.

Sababu ni hewa. Riyadh iko ndani ya bara, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kiangazi unyevu wa hewa hushuka hadi karibu asilimia 10. Jeddah iko ufukweni mwa Bahari ya Shamu, ambako unyevu huwa wastani wa asilimia 60 hivi na upepo hubeba chumvi. Anayetoka Mombasa au Unguja ataitambua hali ya Jeddah mara moja. Ya Riyadh itambidi ajifunze.

Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene uliosimama peke yake. Nyuzi nyembamba ni za nailoni. Zile nene zina kiini laini kilichozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Gitaa la nyuzi za chuma lina kiini cha chuma cha pua, kikazungushiwa mchanganyiko wa shaba na bati au shaba na zinki. Gitaa la umeme hutumia nikeli zaidi.

Adui wa kwanza ni mkono wa mpigaji mwenyewe. Jasho lina chumvi na asidi, na pamoja na mafuta ya ngozi hujipenyeza katikati ya mizunguko ya waya. Uchafu huo huongeza uzito, tena si kwa usawa: hapa mwingi, pale kidogo. Uzi hauwezi tena kutikisika sawasawa. Ukiwa wazi hulia sahihi, lakini ukibanwa kwenye freti ya 12 hutoka nje ya sauti. Wengi hulilaumu gitaa na kuzungusha vikazio usiku kucha, kumbe kosa ni la uchafu.

Kitambaa na brashi

Kanuni ni kunawa mikono na kuikausha kabla ya kupiga, kisha kufuta kila uzi baada ya kumaliza. Kitambaa kikavu cha pamba huzungushwa kwenye uzi, kikabanwa kwa vidole viwili na kuvutwa tangu darajani hadi juu ya shingo, ili upande wa chini nao ufutwe. Huko chini ndiko kutu huanzia, kwa kuwa hakuna anayepatazama.

Mjini Riyadh hatua moja hutangulia. Vumbi la jangwa, hasa baada ya dhoruba za majira ya kuchipua, lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko shaba na nikeli. Anayefuta moja kwa moja huwa anasugua nyuzi kwa msasa. Vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini.

Na kwa kuwa neno udi kwa Kiswahili ni ala na pia ni manukato, ni vyema kuonya kwamba vya aina hii viwili havipatani: vidole vilivyopakwa mafuta ya udi huacha utando unaonasa vumbi.

Spiriti kidogo kwenye kitambaa husafisha nyuzi za chuma, mradi isiguse mbao, kwani huyeyusha vanishi. Nyuzi za nailoni hutosheka na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Wapiga besi wa zamani walichemsha nyuzi zao za chuma kwa dakika kumi. Mlio hurudi kweli, lakini kwa siku chache tu, maana maji huondoa uchafu bali hayaponyi chuma kilichochoka.

Kiyoyozi na mlango

Jeddah ina mtego mwingine. Gitaa lililokaa katika chumba cha kiyoyozi, likifunguliwa nje ghafla, hutokwa na umande juu ya nyuzi kama glasi ya maji baridi. Liachwe ndani ya kasha lake nusu saa, lizoee joto, ndipo lifunguliwe.

Riyadh huumiza mbao zaidi. Ala nyingi hupendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Chini ya hapo mbao hunywea, uso wa gitaa hubonyea na nyuzi hugonga freti. Mwenye gitaa hununua seti mpya bure. Sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ikiwekwa ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kisha kisanduku hicho kikaachwa ndani ya kasha, ni dawa rahisi. Bila hiyo mbao huweza kupasuka.

Muziki wa hadhara uliporudi, Mohammed Abdu akaimba Jeddah Januari 2017 na Riyadh Machi mwaka huohuo. Ala iliyokaa kimya miaka mingi haifai kupigwa kwa nyuzi zake za zamani hata zikionekana nzima. Nyuzi zibadilishwe mmoja baada ya mwingine, ili mbao zisipoteze mkazo wote kwa pamoja, na seti ya akiba ibaki katika pakiti yake iliyofungwa hadi siku ya kutumika.