Nasaba ya Jiwe: Tangu Jinja hadi Mbale

Walimu wa historia tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba mashahidi wa mambo ya kale ni wa namna tatu: masimulizi ya mdomo, maandishi, na vitu vilivyosalia ardhini. Hapa mashariki ya Uganda shahidi huyo wa tatu ameketi mlangoni petu, nasi twampita bila kumsalimu. Jina lenyewe la Jinja, katika Kiganda na Kisoga, lina maana ya jiwe. Mwaka 1862, John Hanning Speke alipofika mahali Mto Nile unapotoka ziwani, alikuta wenyeji wakiyaita maporomoko yale kwa jina la mawe. Yeye akayapachika jina la Ripon. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyazamisha maporomoko hayo, na jina la Ripon likabaki vitabuni. Jina la jiwe lingali jina la mji.

Tukishika njia ya mashariki twafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Mawe mengi ya huko yalitapikwa na mlima huo zamani ulipokuwa volkano. Lakini tarehe 14 Agosti 1992, yapata saa tisa na dakika arobaini alasiri, Mbale ilipata mawe ya asili nyingine. Kimondo kilichokadiriwa kuwa na uzito wa kilo 1,000 hivi kiliingia angani kikitoka upande wa kusini, kikapasuka, na vipande vyake vikatawanyika katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Kimoja kidogo kilimpiga mvulana kichwani, naye akasalimika. Wataalamu wa Uholanzi, akiwamo Peter Jenniskens, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, walikusanya ushahidi wa watu walioona, wakapima mahali vilipoangukia vipande 48. Kufikia Oktoba 1993 vilikuwa vimeorodheshwa vipande 863, na zilizookotwa kwa jumla zilikuwa kilo 150 hivi.

Walioshuhudia waliweza kueleza jiwe lilianguka lini na wapi. Lakini je, ni nani angeweza kueleza ukoo wake? Hapo hapana budi jiwe lisemewe na madini yaliyomo ndani yake, na mmoja wa wasemaji hodari ni kromiamu, metali ileile inayotiwa katika chuma ili kisishike kutu.

Atomi za kromiamu si za uzito mmoja. Ziko za aina nne, ziitwazo isotopu: 50, 52, 53 na 54. Ile ya 52 ndiyo kubwa kwa wingi, karibu asilimia 84. Ya 54 haifiki asilimia 3. Kromiamu-54 ilitengenezwa ndani ya nyota zilizotangulia Jua letu, na vumbi lake halikuchanganyika sawasawa lilipozaa sayari. Kwa hiyo kila ukoo wa mawe ya angani ulirithi fungu lake. Vimondo vyenye kaboni vina ziada, nayo haizidi sehemu 2 katika 10,000 vikilinganishwa na Dunia. Vimondo vya kawaida, ambavyo jiwe la Mbale ni jamaa yao, vimepungukiwa kwa chini ya sehemu 1. Kromiamu-53 nayo ni saa: sehemu yake ilitokana na manganisi-53, ambayo nusu yake hugeuka kila miaka milioni 3.7, na ambayo ilikwisha zamani.

Tofauti ndogo namna hiyo hupimwa kwa spektromita ya tungamo, chombo kilichotokana na kazi ya J. J. Thomson na F. W. Aston wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe husagwa, huyeyushwa katika asidi, na kromiamu hutengwa na vinginevyo. Kisha huwekwa juu ya utepe mwembamba wa metali na kupashwa moto ndani ya ombwe, hata atomi zikapata chaji. Sumaku huzipindisha: nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na kila aina hupokelewa na kuhesabiwa mahali pake. Mpimaji sharti ajihadhari na chuma, maana nacho kina atomi za uzito wa 54, zinazoweza kujifanya kromiamu. Kadhalika nyundo au kinu chenye kromiamu chaweza kutia ushahidi wa uongo ndani ya jiwe.

Kwa njia hiyo, mwaka 1998, Alexander Shukolyukov na Günter Lugmair walionyesha kwamba udongo wa Denmark wa zama zilipotoweka dinosauri, yapata miaka milioni 66 iliyopita, ulikuwa na kromiamu iliyotoka nje ya Dunia. Hakuna binadamu aliyekuwapo kushuhudia, udongo ulishuhudia.

Huko Mbale baadhi ya watu waliyasaga mawe yale na kuyala, wakiamini kwamba Mungu ameyaleta kuwa dawa ya UKIMWI. Tusiwacheke, ilikuwa miaka ya misiba, na dawa nyingine hawakuwa nayo. Hata hivyo twaona kwamba jiwe lililotangulia Dunia kwa umri laweza kunyamazishwa kwa siku moja.

Mashahidi wa mdomo nao hawadumu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule sasa amepita 40, na waliokuwa wazee wengi wao wamekwenda zao. Maabara yaweza kutambua ukoo wa jiwe, lakini haiwezi kueleza ngurumo ilisikika vipi, wala shamba la nani lilipigwa. Twawasihi walimu wenzetu wa Mbale wawatume wanafunzi kwa wazazi wao na daftari mkononi, na wa Jinja wafanye vivyo hivyo kwa wale walioyaona maporomoko kabla ya bwawa, madhali bado wapo wachache wa kuulizwa.