Siri ya kazi (Beni, Butembo na Lubero)
Siri ya kazi ni wajibu wa kutofichua habari uliyoaminiwa, na pengine pia kinga dhidi ya kulazimishwa kuitoa. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo humwadhibu mganga anayeifichua, ila si anapoitwa kutoa ushahidi mahakamani. Huo ni mwanya mpana mno kwa wauguzi wa Beni, Butembo na Lubero wanaotibu majeruhi wa vita. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekingwa zaidi: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haiwezi kuwalazimisha watumishi wake kushuhudia. Siri hugongana na haki ya mshtakiwa: tarehe 13 Juni 2008 kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa mkoa jirani wa Ituri, ilisimamishwa na mahakama hiyo kwa sababu upande wa utetezi ulinyimwa nyaraka ambazo Umoja wa Mataifa ulikuwa umezikabidhi kwa siri kwa mwendesha mashtaka.