Bawabu wa Seva

Chukua duka la pembejeo pale Muthara, Tigania Mashariki, linalolipwa kwa M-Pesa. Mwenye duka anataka kila malipo yaingie daftarini papo hapo. Fundi wake atajiunga na Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Mteja akilipa, taarifa hutumwa kwenye anwani ya intaneti ambayo duka limeisajili, nayo lazima ifikike hadharani kwa HTTPS. Programu inayopokea taarifa hizo ndiyo lango. Intaneti ya simu kwa kawaida haina anwani ya hadhara, kwa hiyo fundi hukodi seva ndogo na kulisimamisha lango humo mwenyewe, ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachoitenga programu na nyingine, kwa mtindo ulioenezwa na programu ya Docker tangu 2013.

Kwa anayeandika mwongozo wa kazi hii kwa Kiswahili, lango na kontena ni maneno yasiyo na taabu. Taabu iko kwenye jina la programu inayokaa mbele ya lango, mfano Nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004. Wapo wanaoiita proksi kinyume, jina lisiloeleza kazi yake. Jina la seva mbadala linapotosha zaidi: mbadala hushika zamu mwenzake akishindwa, ilhali hii ikizimika hakuna kinachofikika.

Kiswahili kina neno bawabu. Hupokea ujumbe mlangoni, huupeleka ndani, hurudi na jibu, na mgeni haingii. Programu hii husikiliza poti namba 443, hushika cheti cha HTTPS, kisha hulikabidhi kontena ombi.

Hapo ndipo penye hatari. Lango huona anwani ya bawabu, si ya mtumaji, kwa hiyo bawabu huiandika anwani halisi katika kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For. Kichwa hicho hughushiwa kwa urahisi na yeyote awezaye kulifikia kontena bila kupitia kwa bawabu. Na Docker ikiambiwa itangaze poti ya kontena, huweka kanuni zinazoikwepa ufw, ngome ya seva inayozuia miunganisho kutoka nje: fundi anaamini amefunga, kumbe pako wazi. Lango likitegemea kichwa hicho kujua kama taarifa imetoka Safaricom, taarifa ya uongo itaingia, na mifuko ya mbolea itatoka dukani bila hata shilingi kulipwa. Poti ya kontena itangazwe kwenye 127.0.0.1 tu, anwani ya ndani ya seva yenyewe, na bawabu afute kichwa alichokuja nacho mgeni kabla ya kuandika chake.

Mnaoandika miongozo ya Kiswahili, andikeni bawabu, na agizo la kuitangaza poti kwenye 127.0.0.1 tu liwekwe kabla ya lile la kuwasha kontena.