Reli Iliyoishia Ziwani: Bujumbura katika Historia ya Usafiri wa Reli wa Afrika Mashariki

Kutoka kilima cha Kiriri, mtazamaji huliona jiji la Bujumbura, bandari yake na Ziwa Tanganyika hadi milima ya Kongo. Asichokiona ni reli. Hata hivyo, historia ya jiji hili haielezeki bila reli.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hivyo shehena za Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, zikapata njia ya kuvuka ziwa kwa meli na kupakiwa katika treni huko Kigoma. Mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo maalumu ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Mpango huo ulijengwa juu ya shehena. Mkazi aliyeteremka mlimani kwenda kazini hakuwamo katika hesabu zake.

Kwingineko, reli za shehena ndizo zilizozaa usafiri wa mjini. Oktoba 2012, Dar es Salaam ilianzisha treni za abiria za asubuhi na jioni juu ya reli za zamani: moja hadi Ubungo, nyingine hadi Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Mwezi uliofuata, Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau. Kote kuwili, njia kuu ya reli ilikuwa imekwisha kutengewa ardhi miongo mingi kabla.

Somo hilo lina uzito kwa Burundi. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa ya Uvinza–Musongati, yenye urefu wa kilomita 282 hivi, na Agosti ujenzi ukazinduliwa. Msukumo wake mkubwa ni madini, hasa nikeli. Mpango mpana unaielekeza reli Gitega, Bujumbura na hatimaye Kindu. Wakati huohuo, uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewaacha wakazi wa Bujumbura katika foleni ndefu za mabasi, wengine wakitembea kwa miguu.

Iwapo ardhi ya njia na ya stesheni za mjini haitatengwa kabla ya makazi kuijaza, Bujumbura itapata reli ya madini, na abiria wake watabaki walipoachwa mwaka 1914.